Ndoto za Moa Zilipopata Bei

Kijijini Moa, ndoto haisimuliwi ovyo. Mtu akiamka na ndoto iliyomkaa kifuani hamwambii jirani wa kisimani, wala hamfungulii mdomo mwenzake wa kitandani. Huibeba kimya kimya, kama anayebeba yai kiganjani, mpaka amfikie mtu anayemwamini. Sababu ni kwamba ndoto isiyoambiwa mtu bado inaelea. Si kheri, si shari. Mdomo wa kwanza kuifasiri ndio unaoitua, na ikishatua imetua. Wapo wanaoyacheka mambo haya, hasa waliokaa Tanga mjini wakazoea feni, lakini hata hao wakiota meno yamedondoka hufunga midomo yao mpaka wamwone Bi Saleha.

Bi Saleha binti Athumani alikuwa mkulima wa mwani, mjane, mwenye miaka hamsini na tisa na goti la kushoto lililokwisha kumchoka. Maji yakikupwa sana huingia baharini pamoja na wanawake wenzake, wakafunga vitawi vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi. Mwani ukikomaa huvunwa, huanikwa juani kwenye chanja za miti, kisha mnunuzi huja na mizani yake na bei yake. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kusikiliza ndoto haikuwa kazi. Ilikuwa tu ndivyo alivyo, na watu walikuwa wakimjia alfajiri baada ya sala, mmoja mmoja, wakikaa kwenye kigoda uani kwake.

Hakuwa na mbwembwe. Mtu akishamaliza kusimulia, Bi Saleha huuliza swali moja tu: "Uliamkaje?" Anataka kujua kama uliamka na moyo mwepesi au mzito, kama ulitaka kurudi usingizini au ulishukuru kwamba kumekucha. Kisha hunyamaza. Vidole vyake huendelea kukata vikamba vya kufungia mwani, na macho yake huwa yamekwenda mahali, huko ndotoni kwa mwenzake, anatembea humo taratibu akitazama huku na huku. Akirudi husema, "Kheri, inshallah," halafu anaifasiri. Ndoto ileile watu wawili wangeweza kuiota, yeye akawaambia maneno tofauti, na wote wawili wakaenda zao wameridhika.

Hakupokea kitu. Si shilingi, si sukari, si hata limau. Lakini mara nyingi alipoingia shambani kwake baharini alikuta kamba moja au mbili zimekwisha kufungwa mwani tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyejitaja. Naye hakuuliza. Alifunga zilizobaki, akarudi nyumbani goti likiwa na nafuu.

Ukuta wa makuti ndio uliomtenga na Bi Mishi, na ukuta wenyewe ulikuwa na tundu la kupitisha bakuli. Waliolewa mwezi mmoja, wakazaa wakiuguzana, wakafiwa na waume wakiliana. Mishi alikuwa na mtoto mmoja, Suleimani. Miaka minne iliyopita Suleimani alipanda bodaboda mpaka Horohoro, akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi upande wa Mombasa. Alipiga simu mara mbili. Ya pili alisema yuko Likoni, amepata mahali pa kulala, atapiga tena Ijumaa. Hiyo Ijumaa haijafika mpaka leo.

Basi Mishi akawa anamwota. Alikuja na ndoto zake kwenye tundu la ukuta, na Saleha alikuwa akizitua moja moja kwa uangalifu, pahali pakavu. Suleimani amesimama mlangoni: anajiandaa kurudi. Suleimani anakula: kazi imepatikana. Suleimani amekonda: anamkumbuka mama yake, nani asiyekonda kwa kumkumbuka mama? Kwa miaka minne kijana yule aliishi ndani ya maneno ya Saleha. Alipata kazi bandarini, akabadilisha kazi, akaugua kidogo, akapona. Mishi alikuwa akisikiliza, akivuta pumzi, kisha anakwenda kuwasha jiko lake. Saleha alijua vizuri sana kwamba shoga yake anasimama kwa maneno yale. Alijua pia jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Hafsa aliporudi kutoka semina.

Hafsa alikuwa mtoto wa mdogo wake Saleha, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mchapakazi asiyekuwa na bahati. Aliuza mitumba, mitumba ikamshinda. Akauza vitumbua, unga ukapanda bei. Hapo ndipo akaenda Tanga kwenye semina ya ujasiriamali ya siku tatu, akarudi na begi lenye nembo, cheti, na macho mapya. Mwalimu wa semina aliwaambia kwamba kila binadamu ana mali iliyolala, na umaskini ni kuishi na mali iliyolala bila kuiamsha. Hafsa alilala na neno hilo, akaamka nalo, na siku nzima alikuwa akizunguka uani kwa mama yake mkubwa akiangalia kitu gani pale kimelala.

"Mama mkubwa," alisema jioni, "kugeuza kitu pesa si lazima ukiuze. Ukiuza mbuzi, mbuzi kaondoka. Lakini yule mwenye nyumba ya barabarani, kampuni ya simu imempaka rangi ukutani ikamlipa. Ukuta si bado wake? Mwenye baraza anampa wakala wa pesa aweke meza, kila mwezi anapokea kodi. Baraza imekwenda wapi? Kuna watu wanachekesha kwenye simu, wenzao wanatazama, wanalipwa. Kicheko chao kimepungua?"

"Na mie nna ukuta gani wa kupakwa rangi?" Bi Saleha akamuuliza, akiwa anakanda goti.

"Weye una sikio."

Bi Saleha alicheka mpaka akatoa machozi. Sikio lililipwa wapi? Lakini Hafsa hakucheka. Alikuwa ameshamsimulia Bi Mumtaz habari za mama yake mkubwa. Bi Mumtaz, mke wa Nurmohamed, alikuwa na duka la vitambaa Tanga, na kwa wiki nzima alikuwa akitembea na ndoto yake hajui pa kuipeleka. Hafsa akampigia simu hapohapo, akaiweka sauti ya juu.

Sauti ya Bi Mumtaz ilitoka simuni polepole, kama mtu anayesema bado amejifunika shuka. Aliota anafungua milango ya duka asubuhi, na badala ya barabara anakuta bahari imefika kizingitini, imetulia, na robota zake za vitambaa zinaelea nje, rangi zote, hazilowi. Bi Saleha akamuuliza aliamkaje. Akasema aliamka anatabasamu, kisha akaona haya kutabasamu. Bi Saleha akanyamaza, akaenda, akatembea katika ile bahari ya Bi Mumtaz, akashika vitambaa. Ilikuwa ndoto nzuri kupita kiasi, hata akachelewa kurudi.

"Kheri, inshallah," alisema mwishowe. "Kuna kitu ulikifungia dukani kwa kuogopa kitaharibika. Kiachie. Hakitaharibika."

Bi Mumtaz alilia. Alikuwa na binti, Narmin, aliyetaka kwenda kusoma mbali, na mama alikuwa amemkatalia mwaka wa pili. Hayo hakuyasema pale, waliyajua baadaye. Baada ya dakika chache simu ya Hafsa ikalia mlio wa meseji: shilingi elfu kumi. Bi Saleha alitaka zirudishwe. Hafsa akamwonyesha paa. Paa lile la makuti lilikuwa limeoza upande wa kaskazini, na masika yaliyopita Bi Saleha alilala na beseni kitandani.

Elfu kumi ile haikurudi.

Kesho yake Hafsa alibandika karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nene: NDOTO SHILINGI 1,000. TUMA SAUTI NA MALIPO KWENYE NAMBA HII. TAFADHALI USIBISHE HODI. Namba ilisambaa kuliko walivyotarajia. Bi Mumtaz aliwaambia wanunuzi wake, wanunuzi wakawaambia ndugu zao, na kabla mwezi haujaisha ndoto zilikuwa zinaingia kutoka Pangani, Maramba, Muheza, Dar es Salaam, na moja ilitoka Maskati.

Siwezi kusema zile wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Zilikuwa tamu. Bi Saleha aliketi uani na simu kwenye kanga, akifunga macho, na watu asiowajua wakampitisha katika nyumba zao za usingizini. Alipanda ngazi zisizokuwa na mwisho. Aliona treni ikipita chini ya mto, abiria wote wakimpungia mikono. Alimwona mzee mmoja wa Muheza akivuna machungwa yaliyoimba. Mwanamke aliyezaliwa Moa, akaolewa Moa, aliyekwenda Dar es Salaam mara moja tu kwenye msiba, alisafiri mwezi ule kuliko nahodha. Na bati zikanunuliwa, kumi na moja, zikapigwa paani. Mvua ya kwanza ilipoangukia bati zile, Bi Saleha alilala chali akisikiliza, akamshukuru Mungu na akamshukuru Hafsa.

Kisha ndoto zikawa nyingi mno. Ishirini kwa siku, halafu arobaini. Waliolipa hawakupenda kungoja, na wengine walilipa na kuulizia majibu kabla jogoo hajawika. Na Bi Saleha mwenyewe akaanza kupotelea humo. Alikuwa akilala anaota ndoto za watu. Machungwa ya mzee wa Muheza yalielea kwenye mlango wa duka la Bi Mumtaz. Treni ilisimama uani kwake, ikashusha watu waliobeba meno yao viganjani, wakapanga foleni. Aliamka amechoka. Akiulizwa mchana aliota nini, hakuweza kusema ipi ilikuwa yake. Nadhani hakuwa na yake tena.

"Mama mkubwa, pumzika," Hafsa alimwambia. "Nimekuandikia daftari. Kila ulichowahi kusema nimekinakili. Nyoka, ukurasa huu. Maji, huu. Meno, maiti, harusi, kupaa, vyote vipo. Nitakuwa najibu mie kwa meseji, natia jina lako. Kwani si maneno yako?"

Bi Saleha alikuwa amelala ubavu, goti limevimba. Alisema, "Fanya uonavyo."

Ni maneno mawili tu, na mtu aliyechoka huyasema bila kufikiri.

Asubuhi moja ya juma lililofuata Mishi alikuja. Hakuja kwenye tundu la ukuta, maana aliona haya. Alikuja mlangoni, penye karatasi. Saleha alikuwa ndani, macho. Alimsikia shoga yake akipiga hodi ndogo, na akamsikia Hafsa akimwamkia.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Saleha yupo?"

"Amepumzika, goti linamsumbua. Ni ndoto? Tuma tu kwa simu, Bi Mishi. Weye si mtu mbali, nitakupunguzia. Mia tano."

Kandambili za Mishi zilisogea nyuma hatua moja. Saleha aliisikia hatua ile.

"Hapana," Mishi alisema. "Nitalipa kama wenzangu."

Kandambili zake zikaondoka. Saleha angeweza kuinuka. Goti liliuma, ni kweli, lakini wanawake wa Moa wamesimamia magoti mabovu kuliko lile. Alichofanya ni kugeukia ukutani na kujiambia kwamba atamwona kesho. Alikuwa amesikiliza ndoto nyingi mno. Hakutaka, siku ile moja tu, kumbeba tena Suleimani. Naiandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe hakujificha baadaye.

Siku mbili baadaye maji yakakupwa vizuri, akajikongoja kwenda shambani baharini. Alikwenda polepole, kanga amefunga juu, maji ya vuguvugu yakimlamba miguu, jua limetandazwa kila mahali mpaka hajui mbingu inaanzia wapi. Alipofika kwenye vigingi vyake akasimama. Kamba zote zilikuwa tupu. Vikamba vidogo vilining'inia majini, vinakwenda na kurudi, hakuna tawi hata moja. Pembeni mashamba ya wenzake yalikuwa yamejaa, na wenzake walikuwa palepale wanafunga, wanaimba.

"Jamani," akawaambia, akijaribu kufanya mzaha, "mmenisusa?"

Mmoja akainua uso, akashangaa kweli. "Tukususe kwa lipi, Bi Saleha? Si tumekwisha kulipa?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Saleha. Alimtazama, akatazama kamba zake, akaanza kuhesabu kichwani ni miaka mingapi amekuwa akilipwa bila kujua. Alifunga kamba moja, nusu, goti likakataa. Akarudi.

Njiani, pale barabara ya mchanga inapokata kuingia kijijini, akapishana na Sele wa bodaboda, ndiye yuleyule aliyempeleka Suleimani Horohoro. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga nusu gunia la mchele.

"Shikamoo, Bi Saleha. Poleni."

"Marahaba. Pole ya nini?"

Sele alipunguza moto, akavua kofia. "Ya Suleimani. Huu mchele wa hitima, nampelekea Bi Mishi. Ijumaa baada ya sala."

Saleha aliona barabara imekuwa ndefu. "Habari zimetoka wapi? Nani kapiga simu?"

Sele akaigeuza kofia mkononi. "Bi Saleha, si nyinyi ndio mlomwambia?"

Hafsa alikuwa barazani na simu mbili. Alipomwona mama yake mkubwa akiingia na chumvi imemkaukia miguuni, akasimama. Bi Saleha alimwomba ampe ndoto ya Mishi. Hafsa alitafuta juu, chini, juu tena, kati ya mamia, mpaka sauti ya Mishi ikatoka, ndogo, ya mtu asiyezoea kusema peke yake. Alimwona Suleimani akitembea kwenye mchanga maji yamekupwa, miguu mitupu, viatu ameshika mkononi. Anakwenda kule mbali maji yanakoanzia. Mama yake anamwita. Anakwenda tu, hageuki. Ndiyo hiyo, ilikuwa ndoto fupi.

Chini yake palikuwa na jibu. *Kuota mtu anakwenda bila kugeuka nyuma ni dalili kuwa ameshatangulia. Mwombee. Bi Saleha.*

"Lakini ni maneno yako, mama mkubwa," Hafsa alisema, akimnyooshea daftari. "Nimeyanakili neno kwa neno."

Yalikuwa yake. Aliwahi kuyasema, miaka mitatu nyuma, kwa mwanamke wa Maramba ambaye mama yake alikuwa mahututi. Mwanamke yule aliamka kwenye ndoto ile moyo mwepesi, alikuwa tayari ameshaaga, alichotaka ni ruhusa tu. Saleha akampa. Yalikuwa maneno ya mtu yule, siku ile, juu ya kigoda kile. Na Mishi hakuna aliyemuuliza aliamkaje.

Hakumgombeza Hafsa. Angemgombeza kwa lipi, naye alisema mwenyewe fanya uonavyo? Alikwenda kwenye mkoba wake, akafunga kitu kwenye pindo la kanga, akatoka.

Uani kwa Mishi kitanda cha Suleimani kilikuwa nje, kimeoshwa, kinakauka juani. Nguo zake zilikuwa zimefungwa mafungu matatu kwa ajili ya sadaka. Mishi alikuwa akipeta mchele, na hakuinua kichwa.

"Mishi."

"Karibu."

"Mishi, lile jibu si langu. Kaandika Hafsa. Kalitoa kwenye daftari."

"Namba ni yako," Mishi alisema, ungo ukipanda na kushuka. "Jina ni lako. Pesa umepokea weye. Limeshatua, Saleha. Miaka minne nakuuliza unanificha, nimekulipa mara moja ukanambia kweli."

Saleha akakaa chini kwenye mchanga. Alijua sheria ya ndoto kuliko mtu yeyote Moa, na hakuona pa kupitia. Walikaa. Kuku alikuja akadonoa mchele, hakuna aliyemfukuza. Mambo yote yalikuwa mbali, kana kwamba wao wawili wanaotwa na mtu mwingine aliyelala upande wa pili wa mchana ule.

"Ulilipa?" Saleha akauliza mwishowe.

"Nililipa. Elfu kamili."

"Basi ulinunua."

"Nilinunua."

"Marehemu mumeo aliponunua mbuzi kule Maramba, akafika naye hapa akamkuta haoni, alifanyaje?"

Ungo ukasimama. "Alimrudisha."

"Akapewa pesa yake?"

"Angekosaje kupewa? Alikwenda na kelele zake, Maramba nzima ikamtambua."

Saleha akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu moja, akaiweka juu ya mchele. "Nimekuuzia kitu kibovu. Chukua pesa yako, nami nichukue maneno yangu. Hapajauzwa, hapajanunuliwa."

"Maneno hayarudi."

"Hayo niliyokuwa nikikupa bure, kweli, ningeyafuata wapi? Haya nilikuuzia, Mishi. Kitu cha kuuzwa kinarudishwa."

Mishi aliitazama noti muda mrefu sana. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu ambayo si ya pesa. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya marehemu mumewe kule mnadani Maramba, "Na makato? Mtandao ulinikata."

Saleha akaongeza sarafu ya mia mbili. "Chenji sitaki."

Mishi akaichukua noti, akaichukua na sarafu, akazifunga. Halafu akaweka ungo kando, akajisogeza mpaka magoti yao yakagusana, akaisimulia ndoto upya tangu mwanzo: mchanga, miguu mitupu, viatu mkononi. Safari hii iliingia sikioni mwa mtu, naye Saleha akaenda nayo. Aliuona ule mchanga. Aliuona mgongo wa kijana aliyemlea. Alimfuata kadiri alivyoweza.

"Uliamkaje?"

"Niliamka namwita. Koo limekauka." Mishi akamshika mkono. "Saleha, usinifasirie. Niambie kama mtu. Weye, moyoni mwako, unaamini yu hai?"

Hilo ndilo jambo ambalo Saleha hakuwahi kumwambia mtu. Kinywa chake kilikuwa kimeshajiandaa kusema kheri, kwa mazoea.

"Sijui," alisema. "Miaka minne nakwambia yu hai, na sijui, Mishi. Nilikuwa nakwambia kwa sababu ukiondoka hapa unakwenda kuwasha jiko."

Alidhani shoga yake atapiga ukelele. Mishi alilia, lakini polepole, mabega yakishuka kama ya mtu aliyetua ndoo kichwani. "Hata mie nilikuwa nawasha jiko ili usihangaike," akasema. "Nilikuwa nakuona unavyotafuta maneno."

Ile namba ilizimwa jioni ileile, Hafsa mwenyewe ndiye aliyebandua karatasi. Lakini mchele ulikuwa umeshanunuliwa na watu wameshaalikwa, na Moa mtu haaliki akafuta. Ijumaa watu wakaja. Wanaume walikaa barazani juu ya mikeka, wanawake ndani, pazia katikati. Bi Mishi na Bi Saleha walikaa bega kwa bega karibu na pazia. Baada ya kisomo mwalimu wa chuo cha Kurani akakohoa kidogo, akauliza kutoka upande wa pili, kwa adabu, kwamba kabla hajaomba dua angependa kujua: je, wamwombee Suleimani bin Jumaa kama marehemu, au kama msafiri aliye hai? Maana amesikia hili, na tangu jana amesikia na lile.

Ndani nyuso zote zikamgeukia Bi Saleha. Zilikuwa nyuso za watu aliowatulia ndoto zao maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akikosa neno. Wengine walikuwa wamelilipia.

"Mwalimu, hatujui," Bi Saleha alisema, kwa sauti ya kufika barazani. "Mwombee hivyo hivyo."

Mnong'ono ulipita chumbani. Mishi akatia vidole vyake kati ya vidole vya Saleha, akavikaza. Upande wa pili wa pazia wakamsikia mwalimu akiinua mikono.